Fundi Asomaye Maranda

Wateja wengi wanaoingia kwenye karakana yenye mashine ya CNC, ile inayochonga kwa kuongozwa na kompyuta, hukodolea macho biti, kisu chake kinachozunguka. Huitazama ikishuka juu ya ubao, ua la mlango likijitokeza jani baada ya jani, na hawachelewi kusema kwamba siku hizi kazi yote imeachiwa kompyuta. Fundi mzuri haangalii huko kwa muda mrefu. Yeye huangalia kinachoanguka. Huokota maranda machache, huyavingirisha kati ya vidole viwili, na kwa unene wake, joto lake na rangi yake hujua kama kazi inakwenda salama au kama muda si mrefu ubao utaungua na biti itakatika.

Makala haya yanamsifu fundi huyo. Mashine inajua njia ya kupita lakini haijui inapita ndani ya nini. Mninga, plaiwudi, plastiki na aluminiamu kwake ni kitu kimoja: nafasi iliyoamriwa ikatwe. Tofauti zote za vitu hivyo zinakaa kichwani na vidoleni mwa fundi, na ustadi wa kazi hii uko hapo.

Wazo la kuongoza mashine kwa namba halikuzaliwa kwenye useremala. John T. Parsons, wa mji wa Traverse City katika jimbo la Michigan, Marekani, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, na umbo lake lilidai vipimo vingi kuliko mkono ulivyoweza kufuata. Mwaka 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa mkataba, chuo cha MIT kikaingia kwenye kazi hiyo, na mwaka 1952 kikaonyesha mashine ya kukatia chuma iliyofuata maagizo yaliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Wajukuu wa mashine hiyo ndio walioko leo kwa wachonga milango na watengeneza mabango wa Dar es Salaam na Nairobi. Meza ya kawaida ya mashine hizi za leo hupokea bodi nzima ya futi 4 kwa 8, yaani milimita 1,220 kwa 2,440, na spindeli, mhimili unaoshika biti, huzunguka mara 18,000 hadi 24,000 kwa dakika.

Tuchukue hesabu moja, maana kazi yote imesimama juu yake. Biti yenye makali mawili ikizunguka mara 18,000 kwa dakika, inakata mara 36,000 katika dakika hiyo. Mashine ikisogea mita 7.2 kwa dakika, kila mkato unaondoa unene wa milimita 0.2. Hiyo ni chembe yenye mwili: inakatika, inaruka, na inaondoka na joto lililozaliwa wakati wa kukata. Sasa mtu mwoga hupunguza mwendo hadi mita 1.8 kwa dakika, akidhani anaihurumia biti. Kila mkato unabaki na milimita 0.05 tu. Makali hayakati tena, yanasugua. Maranda yanageuka vumbi laini, joto linakosa cha kuondoka nacho, linarudi kwenye biti, na kingo za ubao zinakuwa nyeusi. Huruma ile ndiyo iliyoiua biti.

Ndiyo maana fundi anasoma maranda. Yakianguka mazito na ya baridi, mwendo na mzunguko vimepatana. Yakiwa unga wenye joto, ama mashine inakwenda polepole mno, ama spindeli inazunguka mno, ama biti imekuwa butu. Hakuna jedwali la kiwandani linaloweza kumwambia hivyo kwa ubao huu hasa, kwa sababu jedwali halijui mti huu ulikua wapi, umekauka kiasi gani, wala una kifundo mahali gani.

Darasa linaanzia kwenye mbao. Paini inayotoka shamba la miti la Sao Hill, Mufindi, ni nyepesi, na wengi huidhania rahisi. Lakini pete zake za ukuaji zinapishana, moja laini na moja ngumu, na mchongo mwembamba ukivuka pete hizo, sehemu laini huchanika na kuacha manyoya. Utomvu wake ukipata joto huganda kwenye biti. Vifundo vya matawi ni vigumu kuliko mbao inayovizunguka, na biti nyembamba ikikivamia kifundo kwa mwendo ule ule inaweza kukatika. Kwa hiyo fundi huichagulia paini biti kali kweli kweli, na humshauri mteja apende maua mapana na herufi nene.

Mninga ni tuzo kwa aliyevumilia paini. Ukikaushwa vizuri hauchezi sana, haupindi leo na kupasuka kesho, na biti ikipita ndani yake hutoa maranda safi yanayoacha ukingo wa ua umesimama wima. Msasa unaohitajika baada ya hapo ni kidogo. Mkongo ni mgumu zaidi na unadai tabaka nyembamba, ila ukishachongwa unashika umbo kwa miaka mingi, hata mlangoni panapopigwa na mvua na jua.

Mvule una siri yake. Ndani ya shina, hasa mahali mti ulipojeruhiwa, hujikusanya madini ya chokaa yanayoganda kuwa jiwe halisi. Ubao unaweza kuonekana safi juu huku umeficha jiwe hilo ndani, na biti ikilikuta, makali yamekwenda. Dalili yake ni mbao iliyokoza rangi kulizunguka jiwe, na ndiyo sababu mjuzi wa mvule hupitisha macho polepole kwenye kila doa jeusi kabla hajafunga ubao mezani. Msaji, uwe wa Longuza kule Muheza au wa Mtibwa, Morogoro, hudhuru kwa njia nyingine. Una silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na hayo hula makali kidogo kidogo. Mchongo wa kwanza unang'aa, wa kumi unaanza kuwa na ukungu. Fundi makini hubadilisha biti kabla mteja hajauona ukungu huo.

Watu wa pwani wana mbao nyingine isiyofuata kanuni za wenzake: mnazi. Mnazi hauna pete za ukuaji. Nyuzi zake ngumu zimesongamana upande wa nje wa shina, na kadiri unavyokwenda ndani zinapungua na nyama inalainika. Mbao ya nje inaweza kuzidi kilo 600 kwa mita ya ujazo, na ya katikati ya shina lile lile isifike 400. Mtu akikata mnazi bila kujua kipande kimetoka upande gani wa shina, atapata uso uliochongwa vizuri mahali na kutafunwa mahali. Na mwishoni kabisa mwa darasa hili uko mpingo, wenye uzito wa karibu kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, mti unaozama majini. Mpingo haukubali papara. Biti hushuka kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, lakini mstari utakaouchora hapo, hata uwe mwembamba namna gani, utabaki ulivyo. Ndiyo sababu Wamakonde waliuamini kwa vinyago vyao na watengenezaji wa klarineti wa Ulaya wakauchagua kwa ala zao.

Kuna jambo moja linalounganisha mbao zote hizi, nalo ni mwelekeo wa nyuzi. Mchongaji wa Lamu au wa Zanzibar, akiwa na patasi na nyundo ya mbao, huhisi mkononi pale nyuzi zinapoanza kumpinga, na papo hapo hugeuza patasi au hugeuka yeye mwenyewe kuukabili ubao kutoka upande mwingine. Mashine haina hisia hiyo. Ikichonga duara, itakuwa rafiki wa nyuzi kwenye robo moja na adui yake kwenye robo inayofuata, na kwenye adui ndipo ubao unapomeguka. Kwa hiyo fundi wa CNC analazimika kuhisi mapema, akiwa bado mbele ya kompyuta, kile ambacho mchongaji alikihisi wakati wa kazi. Huulaza mchoro ili sehemu dhaifu za ua zifuate nyuzi. Huacha unene wa nusu milimita kwenye kingo zote, kisha huirudisha biti mara ya mwisho kwa upande wa kinyume, iondoe ngozi hiyo nyembamba bila nguvu. Mteja anayepitisha kidole kwenye ua lililo laini hajui kwamba liliokolewa na uamuzi uliofanyika kabla mashine haijawashwa.

Bodi za viwandani zina tabia tofauti. Plaiwudi ni tabaka za mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikatiza za tabaka jirani. Biti inayovuta maranda juu huchana uso wa juu. Inayoyasukuma chini huchana uso wa chini. Jibu lake ni biti yenye makali ya namna mbili: sehemu ya chini inavuta juu, sehemu ya juu inasukuma chini, na nyuso zote mbili zinabanwa kuelekea katikati. Hata hivyo biti hiyo ina sharti lisiloandikwa kwenye mchoro. Mkato wa kwanza lazima uzame vya kutosha ili sehemu inayosukuma chini ifike kwenye uso wa bodi. Mtu akikata juu juu kwa uangalifu, ni yale makali yanayovuta juu ndiyo yatakayogusa uso, na plaiwudi ya gharama itatoka na kingo zilizochanika. Hapa tena woga unaharibu na ujuzi unaokoa.

MDF, bodi ya mbao iliyosagwa na kugandamizwa kwa gundi, haina mwelekeo wa nyuzi wala vifundo, na kwa hiyo mchongo wake unatii kila upande. Wengi wanaoanza huipenda kwa sababu hiyo. Lakini uso wake umegandamizwa zaidi kuliko moyo wake. Mchongo wa kina ukifika moyoni huota manyoya laini, nayo hunywa rangi bila kushiba. Fundi huupaka mchongo wake wa MDF tabaka la kuziba vinyweleo, huusugua msasa, huupaka tena, ndipo rangi ije. Na kwenye unyevu wa pwani humkataza mteja kuiweka bodi ya kawaida bafuni au kwenye mlango wa nje, kwa maana MDF ikinywa maji huvimba na hairudi.

Plastiki huleta shida mpya kabisa: kinachokatwa kinaweza kuyeyuka. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzijoto 100, na chembe zilizoyeyuka hujibandika upya nyuma ya biti, hata njia iliyokwisha kukatwa ikajifunga. Hapa hutumika biti yenye kali moja tu na nafasi pana ya kutolea maranda, mwendo wa haraka, na hewa inayopuliza bila kukoma. Biti haisimami hata kidogo ikiwa ndani ya bodi. Tena akriliki ziko mbili. Moja humiminwa kati ya vioo viwili ikagandia hapo. Nyingine hupashwa moto na kusukumwa kupitia tundu bapa. Zikiwa dukani zinafanana kabisa. Mezani, ya kumiminwa hutoa chembe kavu, na ya kusukumwa hulainika mapema na kujaribu kung'ang'ania biti. Fundi hukata kipande cha majaribio pembeni, huangalia maranda, na hapo hapo huijua. Akishamaliza haipangusi kwa spiriti, kwa sababu ukingo uliotoka kukatwa una mkazo ndani yake, na spiriti huweza kuufungua kuwa mtandao wa nyufa ndogo.

Bodi za PVC zinazotumika kwa herufi za mabango ni laini na zinakubali mchongo vizuri, na kwa kazi hiyo CNC ni salama kuliko leza, kwa kuwa leza huiunguza PVC na kutoa gesi ya kloridi ya hidrojeni inayodhuru mapafu na kutia kutu mashine. Plastiki ngumu inayotumika kutengenezea bodi za kukatia nyama hutoa uzi mrefu usiokatika, unaojiviringisha kwenye spindeli. Ukimwona fundi amesimama karibu na plastiki hiyo bila kuondoka, anausubiri uzi huo.

Aluminiamu inakubali kukatwa na mashine hizi za mbao, lakini kwa masharti yake. Wengi hudhani iliyo laini ndiyo nyepesi kukata. Ni kinyume. Aluminiamu laini isiyochanganywa hunata kwenye makali, ikajijenga hapo donge juu ya donge mpaka biti haina kali tena. Aina ngumu iliyochanganywa na magnesi na silikoni, kama ile iitwayo 6061, hukatika chembe safi zinazong'aa. Fundi hushuka tabaka nyembamba, hupuliza hewa, huweka kilainishi kidogo, na husikiliza. Sauti nyororo isiyobadilika ni habari njema. Sauti ikianza kupiga kelele, mkono wake tayari uko kwenye kitufe cha kusimamisha.

Kazi ninayoistahi kuliko zote iko kwenye bodi ya mabango na kuta za majengo, ile ya ngozi mbili za aluminiamu zenye plastiki katikati, ambayo wengi huiita kwa jina la chapa ya Alucobond. Fundi hupitisha biti upande wa nyuma, akichimba mfereji wa umbo la V unaokula ngozi ya nyuma na karibu plastiki yote. Hubakiza ngozi ya mbele na plastiki ya takriban milimita 0.3. Ngozi yenyewe ikiwa ya nusu milimita, kilichobaki ni milimita 0.8. Kisha huinua bodi, huikunja kwa mikono miwili, nayo hukunjika kwa mstari ulionyooka na kuwa sanduku lenye kona safi. Mfereji ukizidi kina kidogo tu, ngozi ya mbele hupasuka kwenye kona. Ukipungua, bodi hugoma kukunjika. Nafasi hiyo finyu inadai meza iliyosawazishwa, na kwa sababu hiyo fundi, kabla ya kazi ya namna hii, huipitisha biti pana juu ya bodi ya chini ya meza yote, akiondoa unene mdogo sana, mpaka ajue kwamba kila pembe iko kimo kimoja.

Ustadi ni pamoja na kukataa. Chuma cha pua na vyuma vigumu havina nafasi hapa: mzunguko ni wa kasi mno na mwili wa mashine ni mwepesi mno kwa nguvu inayohitajika. Kioo na vigae vinataka almasi na maji. Fundi anayemwambia mteja kwamba kazi hii si ya mashine yangu amemwokolea fedha na amejilindia jina.

Kuna mengine yasiyoonekana kwenye kazi iliyokamilika. Kipande kinachokaribia kukatika kabisa kitaanza kutikisika na kurushwa, kwa hiyo fundi huacha vishikizo vidogo vya mbao vinavyokiunganisha na bodi, kisha huvikata mwenyewe kwa patasi. Biti ni ya duara, nayo haiwezi kuacha kona ya ndani yenye pembe kali. Kila kona ya ndani hutoka imeviringika. Pale ambapo ulimi lazima uingie kwenye tundu lake, mkono unarudi na patasi na kuichonga kona mpaka iwe mraba. Kwa hiyo seremala wa zamani hakufukuzwa karakanani. Kazi yake imesogea mwanzoni, kwenye kuchagua ubao, na mwishoni, kwenye kona.

Na vumbi lisisahaulike. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la MDF lina pia gundi yenye fomaldehaidi, nalo ni jepesi na hukaa hewani muda mrefu. Mashine ya kufyonza vumbi na barakoa inayobana vizuri ni sehemu ya ufundi wenyewe. Karakana isiyo navyo inamla fundi wake, hata kama milango yake ni mizuri.

Ujuzi huu una uzito mkubwa zaidi leo kwa sababu miti tunayoichonga inapungua. Mwaka 2022, wanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES walikubaliana kwamba mninga na mkongo wa Afrika iingie kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake kati ya nchi na nchi inahitaji vibali. Mninga unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Kuuharibu kwa biti butu, au kwa mwendo uliochaguliwa kwa woga, ni kuupoteza mti ambao hatutaishi kuuona tena ukikomaa.

Vyuo vya ufundi vinavyonunua mashine hizi na kufundisha programu ya kuchorea vimefanya nusu ya kazi. Vijana wafundishwe pia kuutambua mvule kwa macho, kuupima mnazi kwa uzito mkononi, kuitofautisha akriliki na akriliki, na kusoma maranda kabla ya kusoma skrini. Nawe msomaji, ukienda kuagiza mlango au bango, usimwonyeshe fundi picha tu. Muulize huu ni mti gani, umekauka kiasi gani, na atatumia biti gani. Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa, na majibu yake yatakuonyesha thamani ya kazi unayoilipia.